Mtoto wa Kaka Yangu Haitiki Akiitwa, na Mama Yake Hataki Kusikia

Mshauri mpendwa, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu, na kama tu rika moja basi nakutakia heri ya kazi. Nimesoma safu yako muda mrefu, huwa nasoma ya wenzangu nikicheka na wakati mwingine nikisikitika, sikujua kama na mimi siku moja nitakaa kitako nikuandikie, lakini jambo hili limenikaa kooni na sina wa kumwambia, maana wale ambao ningewaambia ndio wenyewe wanaohusika.

Mimi ni fundi cherehani. Niliolewa, ndoa ikaisha bila mtoto na bila ugomvi mkubwa, kaka yangu akaniambia nyumba yake ina chumba, nije. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu, anaweza kuondoka wiki nzima na zaidi, na mke wake, wifi yangu, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja kubwa, leo zamu ya asubuhi, kesho ya jioni, kwa hiyo mimi nashona barazani na mtoto wao yuko nami tangu anaamka mpaka anasinzia. Sisemi hivi kwa kulalamika, wifi alinipokea kama ndugu wa tumbo moja, chai tunakunywa pamoja, siri zetu tunazijua, na mtoto nampenda kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Mtoto mwenyewe ni wa kike, anaelekea miaka minne. Baba yake alimpa jina la utani Kinanda, kwa sababu tangu mchanga anaimba kwa pua, mmm, mmm, mchana kutwa, wimbo hauna maneno na hauishi. Ana afya nzuri, alitembea mapema kuliko watoto wa majirani, na alipofika mwaka na nusu alikuwa na maneno yake machache, maji, paka, baba, hata taa, umeme ukirudi. Halafu yale maneno yakaanza kupungua moja moja, mpaka siku moja nikagundua sijasikia hata moja kwa muda mrefu, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema yaliondoka lini.

Bubu siyo, mshauri. Kuna tangazo la magodoro redioni, analisema lote mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya yule mtangazaji na muziki wake wa mwishoni, wateja wangu wanacheka mpaka wanashika mbavu, lakini mtoto huyo huyo akishikwa na kiu hawezi kusema maji, anakuja kunishika mkono bila kuniangalia usoni, anaushika kama mtu anayechukua kijiko, anaupeleka mpaka kwenye jagi na kuuweka pale. Ukimuuliza unataka maji, na yeye anasema unataka maji. Hanyooshi kidole. Ndege ikipita juu watoto wote wa mtaani wanaruka na kuionyesha, yeye yuko chini anaangalia gurudumu la cherehani yangu, nikikanyaga likazunguka anapiga-piga mikono hewani kama anaikausha maji, anasimama kwa ncha za vidole, na usoni ana furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima yeyote. Rili zangu za uzi anazipanga mstari sakafuni kutoka mlangoni mpaka kwenye miguu yangu, ukitoa moja tu katikati, hata ukiwa umeihitaji kwa kazi ya mtu, atalia mpaka atapike. Chakula ni wali mweupe na mkate mkavu, mchuzi ukigusa wali basi siku hiyo kula kumeisha. Nguo nazo zinamsumbua, lebo ya shingoni anaikuna mpaka anachubuka, kwa hiyo magauni yake nimeyashona mishono ikae nje, watu wanadhani ni mtindo mpya, mama mmoja akaniagiza na la mwanawe. Na ukimwita haitiki. Unaweza kuangusha sufuria nyuma yake asigeuke, lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, huyo kafika.

Kila mtu ana lake la kusema. Mama yetu anasema kwenye simu kwamba hata kaka alichelewa kusema na leo mdomo haufungi. Jirani anasema ulimi umefungwa chini, ukatwe. Kaka anasema binti ana kichwa kigumu kama baba yake, anasema kwa fahari kabisa. Wifi anasema mimi ndiye ninayemdekeza, kwamba nampa kila kitu kabla hajaomba, sasa aombe ili iweje. Hilo lilinifanya nijaribu kumnyima maji mpaka aseme. Hakusema. Alikaa chini karibu na jagi akaimba wimbo wake, nami nikashindwa nikampa.

Mwezi uliopita wifi aliugua kidogo, meneja wake wa hoteli akaja na mkewe kumjulia hali. Kinanda akaingia sebuleni, akapita katikati ya wageni kama anapita kati ya viti, akafika kwenye pochi ya yule mama na kuanza kufungua zipu na kuifunga, kufungua na kuifunga. Wifi akamwambia msalimie bibi. Mtoto akajibu, msalimie bibi. Wifi akarudia kwa ukali kidogo, mtoto naye akarudia kwa ukali ule ule, yule meneja akacheka akidhani mtoto anamwigiza mama yake, mkewe hakucheka, akaivuta pochi yake. Mshauri, wifi yangu kazi yake ni kusalimia watu, anakaribisha wageni mia kwa tabasamu moja, na mtoto wake mwenyewe hasalimii. Wageni walipoondoka alimchapa mikononi kwa kandambili. Wifi si mtu wa kupiga, sijawahi kumwona, na mtoto hakulia, aliziba masikio akaimba. Mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Wiki iliyofuata nilikuwa nampima mteja kiuno, nageuka Kinanda hayupo, geti liko wazi. Nilikimbia mtaa mzima na futi ya kupimia shingoni, naita jina ambalo najua haitikii, na barabara ya malori iko pale pale nyuma ya nyumba zetu. Nilimkuta kwa fundi baiskeli. Amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, fundi anamzungushia gurudumu, na fundi akaniambia kwa upole kwamba amemuuliza wewe wa nani na yeye akamtangazia magodoro. Nilimbeba nikaondoka nalia barabarani.

Mteja niliyemwacha na kitambaa kiunoni alikuwa bado ananisubiri. Ni mwalimu wa chekechea. Akanipa maji, akamwangalia mtoto kwa muda, kisha akaniuliza maswali, kama anaonyesha vitu, kama anajifanya anapika au analisha mwanasesere, kama alikuwa na maneno yakapotea. Kila swali aliuliza kana kwamba anaishi kwetu. Mwisho akasema hawezi kujua kwa hakika, ila amewahi kuwa na watoto wa namna hiyo darasani na baadhi yao walikuwa na usonji, na kuna kliniki ya watoto katika hospitali kubwa ya hapa mjini wanakowaangalia.

Jioni wifi aliporudi nilimwambia geti lilivyokuwa na nikaomba radhi, maana hilo lilikuwa langu. Halafu nikaingiza lile la mwalimu. Sikumaliza. Aliweka kikombe chini taratibu, wala hakupandisha sauti, akaniambia, "Wifi, mtoto wangu umemwona mgonjwa kwa sababu wa kwako huna wa kumwangalia."

Tangu siku hiyo tunaongea, chai tunakunywa, lakini kila mmoja anaangalia kikombe chake. Na amemwandikisha Kinanda katika shule ya chekechea inayosifika kwa nidhamu, shule ambayo mtoto asiyeitika jina asubuhi anasimama nje, anaanza muhula ujao. Anasema huko watamnyoosha.

Sasa nimefikiria hivi. Kuna siku kaka yuko safarini na wifi yuko zamu ya mchana, naweza kumchukua mtoto nikampeleka kliniki kimya kimya, nikijua ukweli ndipo niwaambie. Mimi ndiye ninayeshinda naye, mimi ndiye ninayemjua. Lakini naogopa, nikigundulika nitaambiwa nimetaka kumfanya mtoto wa watu awe wangu, na nyumba ni ya kaka. Nikinyamaza napo, naogopa zaidi. Nifanyeje? Nisaidie kabla ya muhula kuanza.

Ni mimi, fundi wa barazani.

*

Mshauri anajibu

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mkubwa kwako, mkubwa wa kutosha kukusema bila kuomba radhi, kwa hiyo kaa vizuri.

Usimpeleke mtoto kliniki kwa siri. Liondoe kichwani leo. Daktari atakuuliza mimba ilikuwaje, alizaliwaje, alikaa lini, nani katika ukoo alichelewa kusema, nawe utajibu nini? Halafu akikwambia neno zito utarudi nalo nyumbani umelificha kwenye mkoba kama kitu cha wizi? Utakuwa umepata jibu na umepoteza watu wanaolihitaji. Mtoto huyu anahitaji mama, baba na shangazi wanaovuta upande mmoja. Wewe peke yako hutoshi, hata ungekuwa na mikono kumi.

Sasa nikupongeze. Umeandika kurasa hizi kama mtu anayelia, lakini umeona vizuri kuliko wengi. Mimi si daktari, na hata daktari haamui kwa barua. Ila uliyoyataja ndiyo hasa wataalamu wanayoyatazama. Mtoto haitiki jina lake. Hakuonyeshi kitu kwa kidole ili nanyi mfurahi pamoja naye. Anatumia mkono wako kuchukua maji, na macho hayaji usoni kwako. Anarudia maneno ya redio na maneno yako, lakini ya kwake ya kuomba hayatoki. Alikuwa na maneno, yakaondoka; hilo moja tu, hata lingekuwa peke yake, linatosha kumpeleka mtoto akaangaliwe bila kusubiri. Kupanga vitu mstari, kupenda kinachozunguka, kupiga-piga mikono akifurahi, kukasirishwa na badiliko dogo, lebo ya nguo kumuuma kama sindano. Mtoto yeyote anaweza kuwa na moja au mawili ya haya na asiwe na lolote. Wangu mmoja alipanga viatu mstari mpaka akaingia shule, leo hata vyake havioni. Yakikusanyika mengi kwa mtoto mmoja, na yakawa yanamzuia kuongea, kucheza na kula, hapo hatusemi atakua ataacha. Na msichana husahaulika zaidi, maana akinyamaza watu humsifu kwamba ametulia.

Watu wa mtaani kwenu nao wana majibu. Ulimi usikatwe na mtu yeyote kwa maneno ya jirani. Mtoto anayetangaza magodoro na muziki wake, ulimi wake unafanya kazi. Hajalogwa, wala hajaharibiwa na mama kwenda kazini. Wala wewe hukumharibu kwa kumdekeza. Usonji, kama ni huo, mtoto huzaliwa nao, ndivyo ubongo wake ulivyoundwa. Hakuna chupa ya kuuondoa, na anayekuuzia hiyo chupa muonyeshe geti. Kuna kufundishwa, na kunasaidia sana kukianza mapema. Na kandambili haifundishi kusalimia. Kumnyima maji nako usirudie, ulijaribu ukaona. Anapokuletea mkono, sema wewe neno lenyewe, maji, umpe. Sema hivyo kila mara, kwa ufupi, ukiwa umechutama usawa wa uso wake.

Nije kwa wifi yako. Alikwambia neno baya, na lilikuumiza mahali ambapo ulikuwa tayari umeumia. Lakini soma tena barua yako. Unaandika kana kwamba ndani ya nyumba hiyo wewe tu una macho. Mwanamke anayesimama mapokezi kutwa, anayejua kabla mgeni hajafungua mdomo kama amechoka au amekasirika, mwanamke anayesoma nyuso kwa mshahara, unadhani hajaona kwamba mwanawe hamtazami? Ameona. Ameona kabla yako. Anaogopa, na mtu aliyeogopa humrushia jiwe yule aliye karibu. Na lile la "mimi ndiye ninayemjua", liache hapo barazani. Ukiingia nalo ndani, hata ukisema kweli tupu atasikia kwamba unamnyang'anya mtoto.

Basi fanya hivi. Subiri kaka yako arudi, apumzike, ale. Waombe wote wawili wakae. Usianze na neno usonji, na usimtaje mwalimu. Anza na masikio. Mwambie wifi: "Nikimwita hageuki, nami naogopa atatoka tena getini asisikie lori. Naomba apelekwe akapimwe masikio, nanyi mwende wenyewe." Hilo ni kweli na ni lazima, kwa sababu masikio ndiyo yanayopimwa kwanza hata kama kuna jambo jingine. Mzazi anayekataa neno kubwa mara nyingi hukubali kupima masikio. Huko kliniki wasimulieni yote, maneno yaliyopotea, mkono kwenye jagi, rili za uzi, na muombe aangaliwe ukuaji wake wote. Kama wanataka kuona, mrekodi kwa simu akiwa anacheza, lakini mama yake ajue unarekodi.

Akikukatalia, usibishane. Sema, "Sawa wifi, tutaongea tena," na kweli uongee tena, wiki inayofuata, kwa maneno yale yale. Usinyamaze kwa sababu nyumba ni ya kaka. Kitanda ni cha kaka. Ulichokiona ni chako na unawajibika nacho.

Kuhusu shule ile ya kusimamisha watoto nje, waambie wazazi waulize kwanza mwalimu humfanya nini mtoto asiyeitika. Jibu lenyewe litawaamulia.

Na geti, mdogo wangu. Kabla hujamaliza kusoma hapa, inuka uweke komeo juu, asipofikia. Mwambie fundi baiskeli na majirani wote kwamba mtoto huyu akionekana peke yake ashikwe mkono na arudishwe, asiulizwe maswali. Hilo halihitaji ruhusa ya daktari wala ya wifi.

*

Wasomaji, jibu hilo nilimtumia mwenyewe kwanza bila kulichapa gazetini, kwa sababu ningelichapa mapema wifi angejitambua kabla hajaambiwa. Leo tunalitoa kwa ruhusa ya nyumba nzima, pamoja na barua aliyoniandikia baadaye.

Mshauri wangu, shikamoo tena. Komeo niliweka siku ile ile, la pili juu, kaka aliporudi akagonga nalo kichwa akauliza kama tumeanza kufuga ng'ombe.

Nilifanya ulivyosema. Nilisubiri kaka alale, aamke, nikawaomba wakae, nikaanza na masikio, maneno yalitoka kama nilivyoyapanga. Kaka alikuwa wa kwanza kukataa. Alisema mtoto anasikia biskuti, atakosaje kusikia jina. Nilimgeukia wifi nikitegemea naye akatae, akawa anaangalia mikono yake tu, kisha akasema, "Apimwe. Mimi nimejua tangu alipotimiza miaka miwili. Tulizima taa, tukawasha mishumaa, watu wote wanaimba, yeye anaangalia feni. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme, halafu uliposema nikakuchukia." Kaka akamwangalia mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Asubuhi wifi aliomba ruhusa kazini.

Walikwenda wenyewe, mimi nilibaki nashona, na sijui nilishona nini, ilibidi nifumue yote. Masikio ni mazima kabisa. Wakarudi mara nyingine, na nyingine, mtaalamu mmoja akakaa na Kinanda sakafuni kwa muda mrefu, akawauliza wazazi mambo mengi, ndipo akasema ni usonji. Wifi alilia kwenye korido. Kaka hakulia, alikuja nyumbani akaingia ndani ya lori lake lililoegeshwa nje akakaa humo mpaka jioni, mimi nikampelekea chai dirishani akaipokea. Kwa muda hakutaka hata tulitaje jina la kliniki. Lakini akiwa safarini alianza kupiga simu kila jioni, hasalimii, anauliza tu, leo amefanya nini. Nikamwambia leo amekubali kuvaa soksi. Siku nyingine nikamwambia leo amelala mapema. Sasa nasikia anawasimulia na madereva wenzake, mmoja akamwomba namba ya kliniki kwa ajili ya mwanawe.

Ile shule ya nidhamu wifi alikwenda kuuliza swali lako. Walimjibu kwa fahari. Akawashukuru akaondoka, na sasa Kinanda anakwenda asubuhi kwa yule mwalimu mteja wangu, watoto wachache, hakuna anayesimamishwa nje. Kuna mtaalamu wa mawasiliano anayemwona kila wiki, ametupa kadi za picha, na wifi amejifunza kuzitumia haraka kuliko mimi. Bado ni kazi, mshauri. Kuna siku analia kutwa na hatujui kwa nini. Maneno ni machache. Juzi wifi alitoka zamu ya usiku hajalala, akavua viatu akajilaza sakafuni karibu na mwanawe, bila kumwita wala kumgusa, akaanza kuimba ule wimbo wa pua. Mtoto akanyamaza. Akausikiliza. Kisha akasogea, akalaza kichwa juu ya tumbo la mama yake, wakaimba wote wawili mpaka wifi akapitiwa na usingizi. Mimi nilisimamisha cherehani nisiwaamshe.

Kuhusu lile neno, wifi hajaniomba radhi kwa mdomo na sijamdai. Ila kwenye kliniki walipouliza nani anamlea mtoto, alisema, "Sisi watatu," na wakaandika hivyo.

Asante. Ni mimi, fundi.

*

Mshauri anaongeza

Mdogo wangu, nimefurahi, na wifi yako mpe salamu zangu, mwambie ana moyo.

Lakini bado nina neno nawe. Umeniandikia habari za mtoto, za mama yake, za baba yake na hata za madereva. Za kwako sijaziona, isipokuwa kwamba ulifumua ulichoshona. Mtoto huyu hatakuwa na usonji wa msimu mmoja. Atakuhitaji akiwa darasani, akiwa msichana, akiwa mwanamke mtu mzima. Mtu atakayehitajika miaka yote hiyo hawezi kuishi barazani saa zote.

Kwa hiyo nakuagiza. Kila wiki, siku ambayo wifi hana zamu, funika cherehani, oga, vaa nguo uliyojishonea mwenyewe, utoke. Usinunue uzi njiani. Usipitie kliniki kuuliza kitu. Tembelea rafiki, kaa, cheka, rudi jioni. Ukirudi ukakuta wali umegusa mchuzi na nyumba inalia, usiseme ningekuwepo mimi yasingetokea. Ingia ndani, vua viatu, umwachie mama yake amalize.